Inveta mpya kwenye nyaya za zamani: mambo ya kukagua kabla ya kumlipa fundi

Inveta ya umeme wa jua inapoharibika, nyumba nzima huingia katika haraka. Friji imezima, watoto wana masomo ya jioni, simu hazina chaji. Fundi huitwa, kifaa kipya hununuliwa, mara nyingi chenye nguvu kubwa kuliko cha kwanza, kisha hufungwa palepale ukutani na kuunganishwa kwa nyaya zilezile zilizokuwapo. Taa huwaka, fundi hulipwa, na shughuli huonekana imekwisha.

Hatari huanzia hapo. Inveta yenye nguvu zaidi huvuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye betri, ilhali nyaya, fyuzi na breka za zamani zilichaguliwa kwa ajili ya mzigo mdogo. Kwa miezi kadhaa huenda pasionekane tatizo lolote. Kisha siku moja friji, pampu na pasi hutumika kwa wakati mmoja, na waya unaanza kuyeyuka nyuma ya kabati.

Nchini Uganda, kazi ya kufunga nyaya za umeme majumbani ni ya mafundi wenye vibali vya Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, na mwenye nyumba ana kila sababu ya kuomba kukiona kibali kabla kazi haijaanza. Makala haya hayakusudii kumfanya kila msikilizaji kuwa fundi. Yanaeleza kazi inavyopaswa kwenda, ili anayetoa fedha yake ajue cha kutazama na cha kuuliza.

Kwa nini jambo hili linawahusu wengi

Umeme wa jua si wa vijijini pekee tena. Mabwawa ya Bujagali, yenye uwezo wa megawati 250, na Karuma, yenye megawati 600, yameongeza sana umeme unaozalishwa katika Mto Nile. Hata hivyo umeme huo hufika nyumbani kupitia nguzo na transfoma, na transfoma ya mtaa ikiharibika, wingi wa umeme bwawani hausaidii. Ndiyo maana familia nyingi za mijini, ingawa zimeunganishwa kwenye gridi, huweka betri na inveta pembeni. Katika nyumba za namna hii inveta hukutana na umeme wa aina tatu: wa paneli, wa betri na wa gridi. Kosa katika kiungo kimoja huathiri viungo vyote.

Kwanza, ni nini kilichokufa?

Si kila inveta inayozima imekufa. Mara nyingi mgonjwa ni betri. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.7. Ikisoma vizuri bila mzigo, lakini ikaporomoka chini ya volti 11 dakika chache baada ya kuwasha vifaa vya kawaida, betri hiyo imechoka, na inveta mpya nayo itazima vilevile. Fundi makini hupima betri ikiwa na mzigo, hukagua kama kuna kutu nyeupe au ya kijani kwenye ncha zake, hukaza nati zilizolegea, na hutazama fyuzi. Ukaguzi huo huchukua muda mfupi na unaweza kuokoa gharama ya kifaa kizima.

Ikithibitika kwamba inveta ndiyo iliyoungua, itafutwe sababu pia. Huenda ilizidiwa na mzigo, ilipigwa na radi, ilijaa vumbi na mende, au ilipata joto kwa kufungwa kabatini bila hewa. Sababu isipoondolewa, kifaa kipya kitafuata njia ileile.

Hesabu inayopaswa kufanywa dukani

Tuchukue nyumba yenye betri mbili za volti 12, zilizounganishwa kuwa volti 24, na inveta ya wati 1,000. Nguvu ikigawanywa kwa volti hupatikana ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita katika waya. Kwa kuwa inveta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya umeme njiani, inveta hiyo ikifanya kazi kwa uwezo wake wote huvuta takriban ampea 46 kutoka kwenye betri.

Sasa mwenye nyumba ananunua inveta ya wati 3,000 kwa betri zilezile. Ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, itavuta takriban ampea 139. Ampea zimeongezeka mara 3, lakini joto ndani ya waya huongezeka mara 9, kwa sababu joto hukua kwa mraba wa ampea. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, wenye mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, ulikuwa ukipoteza chini ya wati 10. Sasa utapoteza zaidi ya wati 80. Ni kama kuifunga balbu ya zamani ya wati 80 ndani ya ganda la plastiki na kuiacha ikiwaka. Waya wa milimita za mraba 50 katika umbali huohuo hupoteza wati 27 tu.

Kwa hiyo bei ya inveta ijumlishwe na bei ya nyaya nene za betri, fyuzi yake na vichwa vya shaba vya kubana mwishoni mwa nyaya. Asiye na fedha ya vyote hivyo ni afadhali anunue inveta yenye nguvu sawa na ya zamani. Tena inveta kubwa haiongezi umeme uliohifadhiwa: ndoo kubwa haiongezi maji ya kisima. Betri zilezile zikikamuliwa kwa nguvu mara tatu huisha mapema na huchakaa mapema.

Mambo mengine mawili yaangaliwe dukani. La kwanza, inveta iwe ya volti ileile ya betri: ya volti 12, 24 au 48. La pili, itoe umeme wa mawimbi laini kama ule wa gridi. Zile za bei ya chini zinazotoa mawimbi ya ngazi-ngazi hufaa kwa taa na chaja, lakini mota ya friji au pampu hupata joto na kuunguruma inapotumia umeme wake. Ikumbukwe pia kwamba mota huhitaji nguvu mara kadhaa zaidi kwa sekunde ile inapoanza kuzunguka.

Paneli nazo zina ukomo

Inveta nyingi za sasa zina kidhibiti cha chaji ndani yake, na paneli huunganishwa kwake moja kwa moja. Kila inveta ya namna hiyo ina kikomo cha volti za paneli ambacho kikivukwa huiunguza papo hapo.

Tuseme kikomo ni volti 145, na nyumba ina paneli tatu zilizofuatana, kila moja ikiwa na volti 46 pasipo mzigo. Jumla ni volti 138, na mtu angedhani yuko salama. Lakini kipimo kilichoandikwa nyuma ya paneli ni cha nyuzi joto 25. Paneli ikipoa, volti zake hupanda, kwa wastani wa karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya nyuzi 10 huko Kabale, paneli hizohizo zitafika volti 144. Hakuna akiba iliyobaki. Katika hali kama hii paneli zipangwe upya, au inunuliwe inveta yenye kikomo cha juu zaidi.

Zipo pia inveta zisizoanza kuchaji mpaka paneli zifikishe volti 120 au zaidi. Mwenye nyumba akiinunua hiyo kwa paneli mbili tu, atashangaa kuona jua kali na betri isiyojaa.

Kuiondoa ya zamani

Kazi hii ina mpangilio wake, na kuuruka ni kucheza na moto. Vifaa vyote vya nyumbani huzimwa kwanza. Kisha hukatwa umeme wa gridi kwenye meni swichi, na kuwekwa alama au kufuli ili mtu mwingine asiuwashe. Inveta huzimwa, paneli hukatwa kwa swichi yake, na mwishoni betri hukatwa.

Umeme wa paneli na wa betri ni mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu bila kusita. Umeme wa gridi ni mkondo geu, ambao hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche yake hupata nafasi ya kuzimika. Cheche ya mkondo mnyoofu haina nafasi hiyo. Mtu akichomoa kiunganishi cha paneli wakati mzigo unapita, huweza kuzuka mwali unaoendelea kuwaka na kuyeyusha plastiki mkononi mwake. Kwa sababu hiyohiyo, breka iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi haifai upande wa paneli wala wa betri. Breka inayofaa huandikwa kwamba ni ya mkondo mnyoofu, pamoja na volti zake.

Paneli haizimiki maadamu jua linaonekana. Hata baada ya swichi kukatwa, nyaya zinazotoka paani bado zina umeme hadi kwenye swichi. Aidha, ndani ya inveta mna vihifadhi-umeme vinavyobaki na chaji baada ya kila kitu kuzimwa. Kitabu cha kifaa hutaja dakika za kusubiri. Fundi asubiri, kisha apime kwa mita kabla ya kugusa.

Pete, bangili na saa za chuma huvuliwa, na spana hufungwa utepe wa kuzuia umeme kwenye mpini. Betri ya ampea-saa 200, spana ikiangukia ncha zake mbili, inaweza kutoa maelfu ya ampea kwa mara moja. Kabla ya kufungua waya wowote, kila waya uandikwe jina lake kwenye kipande cha utepe, na picha ipigwe kwa simu.

Kuifunga ukutani

Inveta hufungwa wima kwenye ukuta wa matofali au saruji, kimo cha macho, pasipo jua la moja kwa moja, mvua wala moshi wa jikoni. Iachiwe nafasi juu na chini kwa kadiri kitabu chake kinavyoagiza, kwa kawaida sentimita 20 hadi 50, ili hewa ipite. Isifungwe kwenye mbao, matete wala pazia, na isiwekwe kabatini.

Inveta nyepesi huwa na kilo chini ya 10, lakini zile zenye transfoma ndani huzidi kilo 20. Ukuta wa matofali ya udongo yasiyochomwa haushiki skrubu vizuri. Bolti zipitishwe upande wa pili wa ukuta na kufungwa kwa kipande cha chuma.

Betri za asidi zinapochajiwa hutoa gesi inayowaka, na gesi hiyo hupanda juu. Kwa hiyo inveta isiwekwe moja kwa moja juu yake. Ziwe pembeni, karibu kiasi cha kuufupisha waya, na chumba kiwe na dirisha. Matundu ya kuingizia nyaya yazibwe vizuri, kwa kuwa mijusi na mende hupenda joto la ndani ya kifaa, na mjusi mmoja kwenye saketi hutosha kuiunguza.

Kuunganisha

Waya wa ardhi hutangulia. Hufuata nyaya za umeme unaokwenda nyumbani na ule unaotoka gridi, kisha betri, na paneli huwa za mwisho. Vidhibiti vingi vya chaji huharibika vikipokea umeme wa paneli kabla ya kuiona betri.

Fyuzi ya betri huwekwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kazi yake ni kuulinda waya usiwe jiko endapo utagusana na mwingine. Kwa mfano wetu wa ampea 139 na waya wa milimita za mraba 50, fyuzi ya ampea 175 hadi 200 ndiyo inayokaribiana na mahitaji, ila neno la mwisho ni la kitabu cha mtengenezaji. Fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya haimlindi yeyote, na kipande cha waya kilichowekwa mahali pa fyuzi ni hatari tupu.

Kabla ya kugusanisha nyaya za betri, chanya na hasi zipimwe kwa mita. Zikibadilishana, inveta hufa papo hapo, na dhamana ya duka kwa kawaida haifidii kosa hilo. Cheche fupi katika mguso wa kwanza ni ya kawaida, kwa sababu vihifadhi-umeme vya ndani vinajaa. Ikiwapo breka ya betri, waya hufungwa kwanza huku breka ikiwa imezimwa.

Kila nati ikazwe barabara. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani mdogo sana wa omu 0.01, kikipitisha ampea 139, hutoa joto la zaidi ya wati 190 mahali pamoja. Kifaa cha kulehemu kwa risasi chenye wati 60 tayari huyeyusha metali. Vichwa vya shaba vibanwe kwa koleo lake maalumu. Kupondaponda kwa nyundo hakutoshi.

Umeme usirudi barabarani

Nyumba yenye gridi na inveta huhitaji swichi ya kuchagua njia moja kwa wakati mmoja, iwe ndani ya inveta au ukutani. Wapo wanaochukua waya wenye plagi mbili na kuusukuma umeme wa inveta ndani ya soketi ya ukutani. Gridi ikiwa imekatika, umeme huo unaweza kutoka nje ya nyumba hadi kwenye transfoma, ambayo huugeuza kuwa maelfu ya volti. Fundi wa shirika la usambazaji, UEDCL, aliyepanda nguzo akiamini kwamba laini imezimwa, ndiye atakayekutana nao. Plagi ya namna hiyo isitumike kamwe.

Nyaya za nyutro za vyumba vinavyotumia inveta zitenganishwe na za vyumba vinavyotumia gridi pekee. Swali la mahali nyutro inapounganishwa na ardhi lijibiwe kwa kitabu cha kifaa, kwani inveta hutofautiana. Likikosewa, kifaa cha kukata umeme unaovuja kinaweza kubaki kimetulia wakati mtu ananaswa. Fundi athibitishe kwa kipimo, kisha abonyeze kitufe cha majaribio mbele ya mwenye nyumba.

Radi

Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Mwaka 2011, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Kwa mtambo wa jua, paa lenye paneli na nyaya ndefu ni mlango wa msukumo wa umeme hata radi inapopiga mbali kidogo. Fremu za paneli na ganda la inveta ziunganishwe kwenye fito moja ya ardhi iliyozikwa katika udongo wenye unyevu, na viwekwe vikinga-radi upande wa paneli na upande wa gridi. Vifaa hivyo hupunguza hatari; haviiondoi kabisa. Ngurumo zikikaribia, ni busara kukata swichi ya paneli na ya gridi mapema.

Mipangilio na majaribio

Kosa la mwisho ni la kimya. Inveta hutoka kiwandani ikiwa na mipangilio isiyolingana na kila betri. Betri za asidi za volti 24 kwa kawaida hujazwa hadi takriban volti 28.8, kisha hushikiliwa karibu na 27. Za jeli huhitaji pungufu kidogo, na za lithiamu zina mpangilio wake kabisa. Baadhi ya inveta huachia betri ishuke hadi volti 21 kabla ya kukata. Kwa betri ya asidi huko ni kuimaliza, kwa hiyo kiwango hicho kipandishwe kuelekea volti 23.

Kuwasha nako kuna mpangilio: betri kwanza, paneli, gridi, kisha taa moja, na baadaye friji. Mzigo wa kawaida uachwe saa nzima. Kisha mtambo uzimwe, na kiganja kisogezwe kwenye ganda la nyaya za betri. Vuguvugu linakubalika. Ganda lisiloshikika kwa joto linasema kwamba waya ni mwembamba au nati imelegea. Nati zikaguliwe tena baada ya wiki moja, mtambo ukiwa umezimwa.

Kabla ya kulipa, mwenye nyumba amwulize fundi maswali haya: Kibali chako ni kipi? Inveta hii itavuta ampea ngapi kutoka kwenye betri, na waya huu unabeba ngapi? Fyuzi ya betri iko wapi? Paneli zangu zinafika volti ngapi asubuhi ya baridi? Gridi ikikatika, ni kitu gani kinachozuia umeme wangu usitoke nje? Fundi anayeijua kazi yake hujibu akionyesha kwa kidole. Asiyeweza kujibu, kazi yake bado haijakwisha.